Raga au soka kwa vijiji viwili vilivyogombana?

*"Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya kutwa huku Bonde la Ufa. Shule yetu iko katikati ya vijiji viwili vya jamii mbili tofauti, zilizowahi kugombana vibaya kwa sababu ya malisho na siasa za uchaguzi. Sasa kumetulia, lakini vijana hawasalimiani sokoni. Wazee wameniomba niandae mashindano ya soka, kijiji kwa kijiji, mshindi apewe fahali. Wakati huohuo mfadhili mmoja ametuletea mipira 12 ya raga. Yeye anasema soka huleta fujo ilhali raga ni mchezo wa waungwana, unaounganisha watu kama ulivyofanya Afrika Kusini enzi za Mandela. Anasema pia kwamba raga ilizaliwa siku mwanafunzi mmoja alipochoka kucheza soka, akaudaka mpira na kukimbia nao. Naogopa mambo mawili: mechi kuamsha ugomvi uliolala, na kijana wa watu kuvunjika shingo nikiwa mimi ndiye msimamizi. Nichague mchezo gani?"*

Mwalimu mwenzangu,

Hofu yako ya kwanza ina msingi kuliko unavyodhani, na ya pili hupungua sana mtu akijua la kufanya. Swali la mchezo gani nitalijibu, ila umbo la mpira silo litakaloamua mambo. Litakaloamua ni nani anavaa jezi moja na nani. Nimefundisha soka na raga shuleni kwa zaidi ya miaka 20, na mashindano ya kijiji kwa kijiji, yenye fahali mwishoni, kati ya vijana wasiosalimiana, nisingeyaandaa kwa mchezo wowote ule.

Niliwahi kuyaandaa. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, na mimi pia niliombwa na wazee. Refa nilimtoa hapo hapo karibu, mtu mwema kabisa, lakini mama yake alikuwa wa kijiji kimoja kati ya viwili. Zikiwa zimesalia dakika chache akatoa penalti. Penalti ilikuwa halali, niliiona kwa macho yangu, ila hakuna aliyejali uhalali wake. Mawe yalianza kwa watazamaji, si kwa wachezaji, na kwa wiki nzima watoto wa upande mmoja hawakukanyaga shuleni. Kosa lilikuwa langu. Nilichukua uhasama uliokuwepo, nikaugawa timu mbili, nikaupa muda wa kuanza na zawadi ya kugombania.

Hayo si mageni katika historia ya michezo hii. Kabla ya kuwa na soka wala raga, Uingereza ilikuwa na mchezo wa mpira wa kijiji kwa kijiji. Hakukuwa na idadi ya wachezaji wala mipaka ya uwanja. Mji wa Ashbourne, katika jimbo la Derbyshire, bado wanaucheza kila mwaka, Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu na Jumatano yenyewe. Timu huamuliwa na upande wa kijito cha Henmore ambako mtu alizaliwa, na magoli yako umbali wa kama kilomita tano. Leo ni sherehe. Zamani watu waliumia, maduka yalivunjwa, na ugomvi wa mashamba ulimalizwa mpirani. Mwaka 1314 meya wa London aliupiga marufuku mjini kwa niaba ya Mfalme Edward wa Pili, kwa sababu ya fujo, na wafalme waliofuata wakarudia katazo hilo mara nyingi. Mpira unaokutanisha waliozaliwa upande huu na waliozaliwa upande ule ndio mpira wa kale kabisa, na ndio uliowasumbua watawala kwa karne nyingi.

Sasa tuje kwa kile kisa cha mwanafunzi aliyekimbia na mpira. Anaitwa William Webb Ellis, wa shule ya Rugby, na mwaka unaotajwa ni 1823. Kombe la Dunia la raga limepewa jina lake, kwa hiyo simlaumu mfadhili wako kukiamini. Lakini kisa chenyewe kilianza kuandikwa mwaka 1876, Webb Ellis akiwa tayari amefariki nchini Ufaransa miaka minne kabla, na aliyekiandika, Matthew Bloxam, hakuwa ameshuhudia kwa macho yake. Wazee waliosoma shule hiyo walipofanya uchunguzi mwaka 1895 hawakumpata shahidi hata mmoja aliyeliona tukio hilo. Na kuna tatizo kubwa zaidi: mwaka 1823 hapakuwa na soka ya kuchokwa. Kila shule kubwa ilikuwa na mpira wake. Eton walicheza hivi, Harrow vile, Rugby vile vingine, na wavulana wenyewe ndio waliokuwa wakipanga kanuni. Wavulana wa Rugby waliziandika za kwao mwaka 1845.

Shida ilitokea vijana hao walipomaliza shule na kukutana chuo kikuu. Huyu anashika mpira kwa mikono, yule anamwambia umekosea. Ikabidi wakae chini wakubaliane. Hapa ndipo ninapotaka utulie nami kidogo, kwa sababu jibu la swali lako limejificha hapa. Chama cha Soka cha Uingereza kilianzishwa tarehe 26 Oktoba 1863 katika baa moja ya London, na kazi yake ya kwanza haikuwa kuandaa ligi. Ilikuwa kuwafanya watu waliolelewa katika desturi tofauti wakubali kanuni zilezile. Walivutana kwa wiki kadhaa. Mambo mawili yakawashinda: kukimbia na mpira mkononi, na kumpiga mpinzani mateke ya miundi. Klabu ya Blackheath ikajitoa. Januari 1871 klabu 21 zikaunda chama cha raga.

Angalia vizuri nani alitoka na kwa nini. Waliokuwa wakiyatetea mateke ya miundi ni upande uliokuja kuwa raga. Mjumbe wao alidai kwamba mateke yakiondolewa, ujasiri wote wa mchezo utaondoka nayo. Kwa hiyo maneno kwamba soka ni ya wahuni na raga ni ya waungwana hayatokani na tabia ya mchezo. Yanatokana na nani alikuwa na pesa. Waungwana maana yake walikuwa watu wenye nafasi ya kucheza bila malipo. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza, zenye wachezaji wa migodini na viwandani, ziliomba wachezaji wafidiwe mshahara wanaoupoteza Jumamosi wakienda kucheza. Zikakataliwa, zikajitenga, na raga ikagawanyika michezo miwili hadi leo. Na hapa kwetu Kenya raga ilikuja na walowezi na ikakaa miaka mingi katika klabu zao. Mwamba, klabu iliyoundwa kwa ajili ya wachezaji Waafrika, ilianzishwa mwaka 1977, miaka 14 baada ya uhuru.

Michezo hii miwili basi ilizaliwa mezani, watu walipokubaliana kanuni, na iliachana waliposhindwa kukubaliana. Ukiwachukua vijana wa vijiji vyote viwili, ukawakalisha chini ya mti na karatasi, na kuwaambia waandike wenyewe kanuni za mashindano yao, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko mechi yoyote. Wataandika nini kinamtoa mchezaji nje, nani anamteua refa, mtazamaji akirusha jiwe timu yake inapoteza nini. Kijana ataheshimu zaidi adhabu aliyoipendekeza yeye mwenyewe.

Na Mandela je? Ile picha ya tarehe 24 Juni 1995 pale Ellis Park ni ya kweli na mimi huionyesha darasani. Rais amevaa jezi ya kijani namba 6, ya nahodha Francois Pienaar, jezi ambayo kwa Waafrika wengi ilikuwa alama ya ubaguzi. Afrika Kusini ikaishinda New Zealand 15 kwa 12 katika muda wa nyongeza, kwa teke la Joel Stransky. Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na miaka ya mazungumzo na uchaguzi wa Aprili 1994. Timu yenyewe ilikuwa na mchezaji mmoja tu asiye mzungu, Chester Williams, ingawa Waafrika wa Rasi ya Mashariki walikuwa wakicheza raga tangu karne ya 19 katika shule za misheni. Ilipita zaidi ya miaka 20 hadi Siya Kolisi, mtoto wa kitongoji cha Zwide, akawa nahodha wa kwanza mweusi wa timu hiyo mwaka 2018, na mwaka uliofuata akanyanyua kombe. Mimi naona picha ya Kolisi ina uzito kuliko ya 1995, kwa sababu hapo waliokuwa wametengwa wako ndani ya jezi, hawako jukwaani wakishangilia tu.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa hali yako ni wa kisiwa cha Ireland. Kilipogawanywa mwaka 1921, soka nayo ikagawanyika, na mpaka sasa kuna timu mbili za taifa katika kisiwa kimoja. Raga ilikataa kugawanyika. Timu ni moja, ina Wakatoliki na Waprotestanti, watu wa Dublin na wa Belfast, na mwaka 1995 ikatungiwa wimbo wake ili pasiwe na mchezaji anayelazimishwa kuimba wimbo usio wake. Februari 2007 timu hiyo iliikaribisha Uingereza katika uwanja wa Croke Park, mahali ambapo mwaka 1920 askari wa Waingereza walifyatulia watu risasi wakati wa mechi na kuwaua 14, akiwemo mchezaji Michael Hogan. Wimbo wa Waingereza ukapigwa, uwanja mzima ukasikiliza kwa utulivu, kisha Waayalandi wakashinda 43 kwa 13. Mfadhili wako angesema, umeona, raga imeunganisha. Mimi nasema hapana, walioamua kutoigawa timu ndio waliounganisha. Soka ingeweza kufanya vivyo hivyo kama viongozi wake wangetaka.

Mfadhili wako amenifanya niwe mwangalifu na maneno "huunganisha watu", kwa hiyo nikueleze jambo hilo linavyotokea hasa, kadiri tunavyojua. Wachezaji wa timu moja hupitia mambo matatu kwa pamoja: wanahitaji kitu kilekile, hawawezi kukipata peke yao, na wanaonana mara kwa mara kwa miezi. Mtu akikupa pasi nzuri leo na kesho, chuki inakosa pa kushika. Mtafiti Salma Mousa alilipima hili kaskazini mwa Iraq, miongoni mwa Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na ISIS. Baadhi ya timu zao za soka ziliongezewa wachezaji Waislamu, nyingine zikabaki za Wakristo watupu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2020, yana faraja na onyo. Waliocheza timu za mchanganyiko walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena katika timu kama hizo, na miezi kadhaa baadaye bado walifanya mazoezi pamoja na Waislamu. Lakini urafiki huo haukuenea kirahisi kwa Waislamu wasiowajua, nje ya uwanja. Ukifanikiwa, basi, vijana wako watasalimiana wao kwa wao. Usiwaahidi wazee kwamba vijiji vizima vitapatana kwa sababu ya ligi.

Najua utaniuliza: na hapa nyumbani, Gor Mahia na AFC Leopards? Klabu hizo zilianza kama vyama vya watu wa kwao mjini, Leopards mwaka 1964 kwa Waluhya na Gor mwaka 1968 kwa Wajaluo, na mhamiaji aliyefika Nairobi bila ndugu alipata ndugu pale. Ni umoja wa kweli, ila ni wa ndani. Mwaka 1980 serikali iliamuru klabu ziache majina ya kikabila. Mioyo haikubadilika kwa barua ya ofisini. Kilichosaidia polepole ni uwanja wenyewe. Leo K'Ogalo, yaani mashabiki wa Gor, huimba kwa sauti moja jina la mfungaji asiyejua neno la Kijaluo, kama walivyomwimba Meddie Kagere wa Rwanda. Na mechi yao na Ingwe, yaani Leopards, inaitwa ya Mashemeji, kwa kuwa pande hizo mbili zimeoana mno. Vurugu zimekuwepo, sizifichi, lakini jina hilo lenyewe ni ushahidi kwamba ushindani unaweza kukaa ndani ya undugu ikiwa undugu umetangulia. Kwenu bado haujatangulia.

Sasa nikupe maoni yangu juu ya la kufanya. Changanya timu. Tengeneza sita au nane, kila moja iwe na nusu kwa nusu, na uzigawe kwa kura hadharani ili asiwepo wa kusema umependelea. Majina yatoke kwa ndege au milima, yasitoke kwa vijiji. Manahodha wawe wawili, mmoja kila upande. Anza na soka kwa sababu kila kijana anaijua na mpira mmoja unatosha wachezaji 22, lakini iazime raga desturi zake mbili: nahodha peke yake ndiye anayezungumza na refa, na baada ya mechi timu mbili hula pamoja. Hii ya pili wanaraga duniani kote huiita kipindi cha tatu, na usiione ni mapambo. Uji na mandazi yanayogawiwa na kijana wa timu iliyoshindwa yameniondolea visasi vingi kuliko hotuba zangu.

Mipira 12 ya raga usiifungie stoo. Ina faida moja ambayo soka haina pale kwenu: hakuna anayeijua. Katika soka tayari kuna majina, kuna fulani aliyemvunja fulani mguu mwaka ule. Katika raga wote ni wanagenzi, na yule mnene aliyekuwa akiachwa benchi anagundua kwamba anahitajika. Wasichana pia huanza sawa na wavulana. Cheza raga ya kugusana tu, wachezaji saba kila upande, ambapo aliyeguswa kwa mikono miwili anaachia mpira. Raga ya wachezaji saba ndiyo iliyotupa Shujaa, timu yetu ya taifa, na vijana wako wataelewa haraka ukiwasimulia Aprili 2016, Kenya ilipoichapa Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore.

Fahali mrudishie mzee aliyemtoa, kwa heshima zote, na uombe fahali huyo achinjwe siku ya mwisho kwa ajili ya timu zote. Kama wazee wanataka ushindani uwe na jasho, iga MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanza mwaka 1987, ambacho kimezipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Kwenu inaweza kuwa kuzibua mfereji au kupanda miti kwenye njia ya ng'ombe iliyoleta ugomvi. Jezi zenye picha ya mwanasiasa zikataeni hata zikiwa za bure, hasa uchaguzi ukikaribia. Refa atoke mbali. Mechi iishe jua likiwa bado juu.

Kabla ya kupuliza kipenga cha kwanza nenda kwa chifu na kamati ya amani, uende mwenyewe, si kwa simu. Wao wanajua mambo ambayo hutayasikia darasani. Ukiambiwa kuna mifugo iliyoibwa wiki hiyo au vikaratasi vya vitisho vimesambazwa, ahirisha. Huo ni wakati wa wazee na polisi. Kipenga chako hakiwezi kitu.

Kuhusu shingo. Majeraha makubwa ya raga hutokea zaidi kwenye kukabana, yaani kumwangusha mwenye mpira, na kwenye skramu, pale makundi mawili yanapoinama na kusukumana kugombea mpira, hasa wachezaji wasipofundishwa au wakilinganishwa vibaya kwa umri na uzito. Raga ya kugusana huondoa hatari hizo zote mbili. Usiruhusu kukabana hadi wewe mwenyewe umepata mafunzo ya ukocha yanayotambuliwa na Chama cha Raga cha Kenya, na hata hapo anzia wakiwa wamepiga magoti, kichwa kikiwa pembeni ya mwili wa mwenzake, kamwe kisiwe mbele yake. Shirikisho la raga duniani lina kozi za bure kwenye intaneti kuhusu huduma ya kwanza na mtikisiko wa ubongo. Zimalize kabla ya muhula.

Na mtikisiko wa ubongo hauchagui mchezo. Wachezaji wawili wakigongana vichwa wakiruka kupiga mpira wa kona, ni uleule. Kijana akionekana ameduwaa, hakumbuki matokeo, anayumba, au anauliza swali lilelile, mtoe na asirudi siku hiyo hata akilia kwamba yuko sawa. Asiachwe peke yake jioni ile, aonwe na daktari au afisa wa kliniki, na arudi mazoezini polepole kwa wiki kadhaa akiwa ameruhusiwa kwa maandishi. Akipoteza fahamu, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, maumivu ya kichwa yakizidi au mkono na mguu vikilegea, ni hospitali mara moja, si zahanati. Akilalamika shingo au ganzi, usimgeuze wala usimnyanyue kumtoa uwanjani. Mshikilie kichwa kisitikisike, mechi isimame, hadi wafike wenye ujuzi wa kumbeba. Jua leo ni gari la nani litakalokuwepo siku ya mechi, na kama barabara ya kwenda hospitali ya kaunti inapitika mvua ikinyesha.

Ukimaliza kugawa timu kwa kura, niandikie jinsi vijana walivyopokea. Wiki mbili za mwanzo watanuna, kila kundi litapasiana lenyewe kwa lenyewe. Wasilazimishwe kwa maneno. Weka kanuni mazoezini kwamba goli halihesabiwi mpaka mpira umepita kwa wachezaji wa pande zote mbili, kisha usimame pembeni uwaache wapige hesabu wenyewe.